Msichana wa Wakala na Kicheko cha Mama

Sauti ya kwanza niliyoisikia nilipofika nyumbani likizo ya Agosti ilinifanya niliachilie sanduku langu la shule katikati ya vumbi. Nilidhani mama amekwamwa na mfupa. Nikakimbilia jikoni nikiwa tayari kumpiga mgongoni, kama tulivyofundishwa kwenye huduma ya kwanza, nikamkuta ameegemea gunia la unga, mabega yanaruka, machozi yanamtoka, mdomo umefunguka mpaka magego ya nyuma. Hakuwa amekwamwa na kitu. Alikuwa anacheka.

Wacha nieleze kwa nini hiyo ilikuwa habari kubwa kwangu. Mimi ni mchekeshaji. Sijisifu, iko hata kwenye ripoti ya shule, ingawa mwalimu aliiandika kama ugonjwa. Niliwahi kumchekesha naibu wa mwalimu mkuu akiwa katikati ya kunifukuza darasani, ikabidi atoke yeye. Nimechekesha madereva wa lori, makarani wa kaunti, hata polisi wa kizuizi cha barabarani. Lakini mama yangu, tangu anizae, sikuwahi kumpata. Nimemwigia chifu akihutubia baraza lisilo na watu. Nimemwigia mbuzi wa jirani akidai talaka. Yeye hunisikiliza na uso wa mtu anayesomewa tangazo la maji kukatwa, nikimaliza anauliza, "Umemaliza? Chukua ndoo."

Kwa hivyo nilipomwona anacheka vile, nikatazama ni nani amefanya kazi yangu.

Alikuwa msichana mrefu, amevaa aproni ya bluu ambayo kila likizo huvaa mimi. Alikuwa anafuta meza bila haraka, kama mtu ambaye hajasema lolote.

"Karibu, mteja," akaniambia. "Utakula nini?"

"Mimi si mteja. Mimi ni mtoto wa hapa."

Akanitazama kuanzia viatu. "Watoto wa hapa huingilia mlango wa nyuma, wananawa, halafu ndio wanakula. Wewe umeingia kama mkaguzi wa afya."

Na mama, mama yangu mzazi, ambaye hakuwa ameniona kwa muda wa muhula mzima, akashika gunia tena.

Hoteli yetu iko mwisho wa mji wa Isiolo, kando ya barabara kuu inayoelekea Marsabit na Moyale. Ukisikia hoteli usifikirie vitanda. Ni mabati, mabenchi, chai ya maziwa ya ngamia, chapati, na wali kwa nyama ya mbuzi. Wanakula hapo wafanyabiashara wa mifugo kutoka Oldonyiro na huko Biliqo, wauza miraa kutoka milima ya Meru, na watu wa ofisi wanaokuja kula mbali na macho ya wakubwa wao. Likizo zote mimi ndiye nilikuwa mhudumu. Wakati wa shule mama alikuwa anahangaika na wafanyakazi waliokuja kwa njia ya kawaida ya mji wetu, yaani binamu wa shemeji wa mtu fulani. Mmoja alikuwa analala juu ya magunia saa ya chakula cha mchana. Mwingine alisema anaenda kununua nyanya, na nafikiri bado anachagua.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi jirani yetu ndiye alimwambia mama aache kuajiri kwa undugu. Yeye mwenyewe alikuwa amepata mlinzi na mpakiaji kupitia ofisi ya wakala wa ajira, ghorofani, karibu na benki. Unaenda unasema unataka mtu wa aina gani, wao wanatafuta, wanakagua kitambulisho, wanapigia simu mwajiri wake wa mwisho, halafu wanakuletea. Unalipa ofisi, ofisi inamlipa mfanyakazi. Mfanyakazi akikushinda ndani ya kipindi cha majaribio, wanamchukua na kukuletea mwingine.

Mama akaenda. Hadithi ya alivyoenda nilihadithiwa na mama mwenyewe, mara nyingi, kwa sababu siku hizi alikuwa na mazungumzo ya mtu mwenye ofisi inayomhudumia.

"Nikawaambia nataka mtu mzuri," alisema. "Yule mama wa ofisi akaniambia, mzuri ni wa harusi, wewe sema kazi. Anaanza saa ngapi, anatoka saa ngapi, anabeba nini, anaongea lugha gani. Nikaona kumbe mimi mwenyewe sikujua ninatafuta nini."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, awe msafi, awe na mkono mwepesi, na asiwe na mdomo. Mdomo ninao nyumbani."

"Huo mdomo ni wangu?"

"Kwani kuna mwingine? Yule mama akacheka, akaniuliza, hoteli iko barabarani? Nikasema ndiyo. Akasema, basi unataka mhudumu au unataka kabati? Kabati halina mdomo. Nikaona ana haki. Nikamwambia sawa, awe na mdomo, lakini uwe na breki."

Ndivyo yule msichana alivyopatikana. Anatoka Ngaremara, ni Mturkana, alikuwa amehudumu mahali pawili kabla yetu, na ofisi ilikuwa imezungumza na waajiri wote wawili. Anaongea Kiturkana, Kiborana cha kutosha, Kiswahili, na Kimeru cha kumzuia mteja asiondoke bila kulipa. Mimi pia naongea hizo zote, lakini hakuna aliyewahi kumpigia mtu simu kuniulizia.

Sasa nikaanza kumchunguza, kama mkulima anavyomchunguza ndovu shambani. Nilitaka kujua ananishinda wapi.

Kulikuwa na muuza miraa mmoja, mteja wetu wa zamani, ambaye kila siku hulalamika chai ni nyepesi. Mimi jibu langu lilikuwa kwamba ngamia wetu wako dayati, wanapunguza unene. Lilikuwa jibu zuri, na nililitumia likizo tatu. Yule msichana akamwekea kikombe mbele, mzee akaonja, akakunja uso.

"Hii chai ni nyepesi."

"Ni nyepesi kwa usalama wako, mzee. Umetafuna miraa tangu Jumatatu. Nikikupa chai nzito leo utafika Moyale kwa miguu."

Benchi lote likaangua kicheko. Jikoni nikamsikia mama, ile sauti ya kukwamwa na mfupa. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe na nikahisi kitu kikinikwaruza kifuani, kama paka amefungiwa humo. Si kwamba mzaha wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Sawa, ulikuwa mzuri kuliko wangu. Lakini kilichoniuma ni kwamba mama alicheka bila hata kusimamisha chapati. Mkono wake uligeuza chapati, mdomo wake ukacheka, kana kwamba ni jambo rahisi, kana kwamba siku zote ilikuwa inawezekana.

Wiki hiyo pia mama wa ofisi ya wakala alikuja kukagua. Ndiyo kawaida yao. Humuuliza mwenye biashara peke yake, halafu humuuliza mfanyakazi peke yake, asije mmoja akameza maneno mbele ya mwenzake. Ni mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa na macho ya kupima watu. Mimi nilimletea chai ili nisikie.

"Kipindi cha majaribio bado," alikuwa anamwambia mama. "Akikubana kama kiatu, sema sasa, nikubadilishie. Ukimkubali, tunamthibitisha na anakuwa wako."

"Hajanibana," mama akasema. "Kama ni kiatu, nalala nacho."

Nikaona nafasi. "Samahani," nikamwuliza mama wa ofisi, "na mtoto anaweza kubadilishwa?"

Nilitegemea walau tabasamu la mama. Yeye akamimina chai kwenye sahani, akapuliza.

"Ningekuwa nimeshauliza," akasema.

Mama wa ofisi akacheka mpaka akakumbatia mkoba wake ili usidondoke. Yule msichana akacheka kutoka kwenye meza ya mbali. Mimi peke yangu ndiye sikucheka, na hapo nikajua wivu una ladha. Ni kama magadi.

Basi nikaamua, kama dawa ni mizaha yake, nitakunywa dawa hiyo hiyo. Siku moja mzee mmoja wa Kiborana, mchuuzi wa ng'ombe, alikuwa amelalamika kwake kwamba chapati zetu zimepungua. Yule msichana alikuwa amemjibu, akimwita baba kwa Kiborana, "Hazijapungua, abba, ni kiangazi. Hata ng'ombe wako wamekonda, na sijaona umeshusha bei." Mzee alicheka akaagiza tatu zaidi. Nikaiweka hiyo kichwani kama fomula ya hesabu.

Haikuchukua muda. Kesho yake aliingia mzee mwingine, mgeni, amefunga kilemba, vumbi mpaka kwenye kope. Akakaa. Mimi nikawahi meza yake kabla yule msichana hajatoka jikoni. Akatazama chapati, akasema kwa upole kwamba ni ndogo.

"Si ndogo, abba, ni kiangazi! Hata ng'ombe wako wamekonda, na hujashusha bei!"

Nikangoja. Hakuna aliyecheka. Mzee hakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alishika ukingo wa meza, akatazama chapati yake kama amesahau huliwa vipi.

Yule msichana alitoka akifuta mikono. Akasimama mbele ya mzee, akamsalimia. Namaanisha akamsalimia kabisa, jinsi watu wa kwetu wanavyosalimiana: amani, nyumba, watoto, safari, mvua, majani, halafu wanyama. Alipofika kwa wanyama mzee akamjibu. Alikuwa ametoka Biliqo. Ng'ombe wake hawakuwa wamekonda. Walikuwa wamekwisha. Alikuwa amekuja mjini kumtafuta mwanawe anayefanya kazi kiwanda cha mawe, waone watafanya nini.

Mama alikuwa mlangoni. Alimletea mzee chai mwenyewe, akaketi naye, wakaongea Kiborana kwa sauti ya chini. Mzee alipoondoka mama akanigeukia.

"Ulimsalimu?"

"Nilisema salaam aleikum."

"Nauliza, ulimsalimu?"

Yule msichana kila meza huanza hapo, na mimi siku zote nilidhani anapoteza wakati. Kumbe huko kwenye majani na mvua ndiko huwa anachagua mzaha. Yule mchuuzi wa jana alikuwa amemwambia ameuza vizuri. Alijua anamrushia nani.

"Vua aproni," mama akasema. Nilikuwa nimeipora asubuhi hiyo. "Uende kwenye karai. Meza ni zake."

Karai liko nyuma, karibu na tangi. Huko nilikaa na vikombe siku hiyo na siku zilizofuata, na kutoka huko kicheko cha mama husikika vizuri zaidi, sijui kwa sababu ya mabati. Kila akicheka, mimi nasugua. Vikombe vya hoteli yetu havijawahi kung'aa vile. Hata yule msichana alikuja akakiinua kimoja juani.

"Kaka, wivu wako ni sabuni nzuri," akasema. "Tungeuza."

"Siongei na wewe."

"Ndiyo maana unaosha vizuri."

Na mimi karibu nicheke. Ilibidi niume shavu. Hapo ndipo nikaona sina budi kuondoka.

Ng'ambo ya barabara kuna hoteli nyingine, ina viti vya plastiki na televisheni, na mama huitazama kama mke wa kwanza anavyomtazama wa pili. Nilikuwa nimesikia wanatafuta kibarua wa siku za mnada wa mifugo, na kwamba wameanza kuwapata watu kupitia ofisi ile ile. Mimi niko kidato cha nne, nimetimiza umri, na kitambulisho nimeshapata baada ya kuzungushwa mpaka nikaulizwa babu wa babu yangu alikuwa anachunga wapi. Nikapiga picha kichwani: nimesimama ng'ambo, nimevaa aproni nyekundu, watu wanavunjika mbavu, na mama yuko mlangoni kwake anasikia vicheko vya watu wengine. Anipigie simu. Nisishike mara ya kwanza.

Nikapanda ghorofani. Mama wa ofisi alikuwa mezani, na karani wake, kijana mwenye miwani, alikuwa anapanga faili.

"Si wewe ni yule wa kubadilishwa?" yule mama akaniuliza.

"Natafuta kazi. Kule ng'ambo."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaketi wima, uso mkavu. "Kitambulisho." Nikampa. "Umewahi kuhudumu wapi?"

"Unapajua."

"Sijauliza kama napajua."

"Kwa mama yangu."

"Kwa nini uliacha?"

"Sikuacha. Nilihamishiwa karai."

Karani akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Mama wa ofisi akachukua simu. "Utaratibu wetu, lazima tuongee na mwajiri wa mwisho. Na tunaongea mbele ya mwombaji, asije akasema tulimsingizia." Akaweka spika, simu akailaza katikati ya meza.

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilijua wanapiga simu, lakini kichwani mwangu mwajiri wa mwisho alikuwa mtu mwingine.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam." Nyuma yake nilisikia chapati ikichomeka.

"Nina kijana hapa anaomba kazi ya kuhudumia, hoteli ya ng'ambo yako. Anasema alikuwa kwako. Nataka kujua mwenendo wake."

Chapati ikageuzwa.

"Mrefu, shati halijapigwa pasi?"

Mama wa ofisi akaniangalia shati. "Huyo huyo."

"Simjui."

Karani akatoka nje kabisa.

"Ngoja, nimemkumbuka," mama akaendelea. "Uliza."

"Ni mwaminifu?"

"Pesa hagusi. Mandazi siwezi kumwapia."

"Hufika kazini kwa wakati?"

"Analala hapo hapo kazini na bado huchelewa."

"Na wateja, anawachukulia vipi?"

Hapo sauti ya mama ikabadilika, si sana. "Anawapenda. Anataka wampende pia, ndiyo maana ana haraka. Akijifunza kukaa nao kabla ya kuongea, atakuwa sawa."

Nikatazama dirishani. Kulikuwa na lori la mbuzi chini na nikajifanya nawahesabu.

"Swali la mwisho," mama wa ofisi akasema. "Hili tunawauliza wote. Ungemwajiri tena?"

Nitasema ukweli, nilishika ukingo wa meza. Mimi ambaye nilikuwa nimekuja kumwacha, sasa nilikuwa nimesimama pale kama mtahiniwa, nangoja kusikia kama mama yangu angenichukua hata asingekuwa amenizaa. Kwenye spika nikasikia mnong'ono. Ilikuwa sauti ya yule msichana. Sikushika maneno. Kisha mama akasafisha koo.

"Mpeleke ng'ambo," akasema. "Mpeleke leo leo. Nataka ile hoteli ifungwe kabla ya mwezi kuisha."

Halafu kikaja. Kile kicheko cha mfupa, chote, kikajaza ofisi, kikatetemesha simu mezani mpaka ikaanza kuzunguka. Mama alicheka akaacha, akavuta pumzi, akanikumbuka tena, akacheka upya. Mama wa ofisi alikuwa amelaza paji la uso juu ya faili zake. Na mimi, nikiwa nimetukanwa mbele ya watu, katika ofisi niliyoipanda mwenyewe kwa miguu yangu, nikajikuta nacheka mpaka nikakaa chini bila kuambiwa.

"Sasa niandike nini?" mama wa ofisi akauliza akipangusa macho. "Hapa pameandikwa ndiyo au la."

"Andika arudi," mama akasema. "Vyombo vimejaa. Na mwambie yule msichana nimemkubali, namthibitisha, nitakuja kesho niweke sahihi."

"Si yuko hapo na wewe?"

"Anajua. Lakini nataka kijana asikie."

Nilirudi kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nafanya hesabu moja. Mama alikuwa amecheka kwa sababu yangu. Hilo halina ubishi, kuna mashahidi wawili. Lakini je, mzaha ulikuwa wa nani? Kama ni wa mama, basi nyumbani kwetu mimi si mchekeshaji wa kwanza, na pengine ni wa tatu. Kama ni ule mnong'ono, basi hata kicheko changu cha kwanza cha mama nimeandikiwa na yule msichana.

Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Walikuwa wote wawili jikoni, mmoja anasukuma chapati, mwingine anachoma.

"Ile ya hoteli kufungwa," nikasema. "Nani aliisema?"

Wakatazamana.

"Ipi?" mama akauliza.

"Ya kwenye simu. Kabla yake kulikuwa na mtu ananong'ona."

"Mimi nilikuwa namwambia mafuta yamekwisha," yule msichana akasema.

"Na mafuta yamekwisha kweli?"

Akainua galoni. Lilikuwa limejaa nusu. Akalishusha tena polepole, akaendelea kuchoma.

"Mama, tafadhali. Ni yako au ni yake?"

"Umenawa?"

Nikaenda kwenye karai. Sufuria ya wali ilikuwa imeungua chini, na nikaanza nayo. Nilikuwa bado sijafika katikati niliposikia sauti ya chini, sijui ya nani, ikisema maneno mawili matatu, halafu wote wawili wakaangua. Nikangoja wanyamaze. Hawakunyamaza. Nikainuka na sufuria mkononi, povu likidondoka mpaka kwenye viatu, nikaenda kuuliza ni nini.